Tupeane uzoefu: ukurasa gani wa kitabu cha vita ulikushinda?

Bintilikoni

Hamjambo wenzangu. Leo sitaki orodha ya vitabu, nataka mnambie ni ukurasa gani ulikufanya ufunge kitabu. Naanza mimi.

Nafundisha Kiswahili Likoni, ng'ambo ya feri, Mombasa. Mwaka 2019 tulikuwa na riwaya ya Chozi la Heri kidato cha tatu. Mnaokijua mnakumbuka: Ridhaa amesimama mbele ya majivu ya nyumba yake, na aliyekuja kuichoma ni jirani. Nimeandika ubaoni "Fafanua athari za vita vya baada ya uchaguzi", alama kumi, watoto wameinama wanaandika: vifo, wakimbizi wa ndani, umaskini. Majibu sahihi kabisa. Msichana mmoja wa nyuma akauliza, "Mwalimu, kwani wale majirani wengine walikuwa wapi?"

Kengele ikaniokoa.

Agosti 1997 nilikuwa na miaka tisa. Kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa usiku, na kulipokucha watu wa bara, waliokuwa wakiwindwa, walikuwa njiani, magodoro kichwani, wengine wanakimbilia kanisani, wengine feri. Jirani yetu, mama mmoja wa Kikamba, alikuwa ameinjika maharagwe. Akampa mamangu ufunguo: "Nishikie, narudi Jumatatu." Mchana tukayala yale maharagwe, maana yangechacha. Hakurudi. Ufunguo ulikaa kwenye msumari nyuma ya mlango hadi ukashika kutu, kisha siku moja haukuwepo, na hapana aliyeuliza.

Basi majirani wengine walikuwa wapi? Tulikuwa tunakula maharagwe.

Muhula mzima ile sura nilimpa mwanafunzi aisome kwa sauti, mimi nikajifanya nasahihisha madaftari. Haya, nyinyi?

Trela_ya_Gatuna

Mwalimu, umenianzia pabaya. Mimi ni dereva, Mombasa hadi Kigali, na foleni ya Malaba imenisomesha vitabu kuliko shule. Karani mmoja Kigali alinipa kitabu cha masimulizi ya waliookoka mauaji ya kimbari ya Rwanda, 1994. Siku mia moja, watu zaidi ya 800,000. Laki nane mimi nazijua kwenye pesa na kwenye kilomita za lori. Kwa watu sizijui, kwa hiyo nikawa nasoma tu, nakunywa chai.

Safari iliyofuata mzigo ukachelewa kushushwa, nikapanda basi hadi Nyamata, kusini mwa Kigali. Kuna kanisa pale watu walilokimbilia, wakauliwa humo humo. Mabenchi yote yamerundikwa nguo zao, zimegeuka rangi ya udongo. Mimi macho yalinasa kwenye sweta la mtoto, kifungo kimoja kimeshonewa uzi wa rangi nyingine. Yaani kuna mtu alikaa chini akatafuta uzi, akakosa unaofanana, akashona hivyo hivyo.

Sasa mke wangu anauza mitumba Kongowea. Kila nikiwa nyumbani kazi yangu ni kumsaidia kufungua robota. Niliporudi safari ile, likakatwa kamba, nguo zikamwagika, nikatoka nje. Nikamwambia mgongo unauma. Huo mgongo uliuma miezi mitano. Kitabu kimo ndani ya lori, sijakimaliza.

Kuze_kwetu

Nasoma haya nikiwa kwenye foleni ya feri, watu wananitazama. Dereva, mkeo anajua?

Trela_ya_Gatuna

Atajua leo. Yumo humu.

MzeeWaKahawa

Niruhusuni niwatie mchanga kidogo. Waandishi wa siku hizi walia mno. Mshairi Muyaka bin Haji wa mji huu huu wa Mombasa aliishi katika enzi za vita, vya Shela na vya Waomani, na mashairi yake ni ya kujibizana na maadui, kutambiana, kupigana vijembe. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy katika Utenzi wa Vita vya Wadachi asimulia Wajerumani walivyoingia Mrima, pwani ya Tanganyika, 1888, mpaka mambo ya Bushiri aliyewapinga, akanyongwa Pangani 1889. Hapana aliyekaa kitako kuchambua kifua chake. Mshairi ashuhudia, amwachia Mungu, aenda zake. Huo ndio ustahimilivu tuliolelewa nao sisi.

Lakini kwa kuwa mwataka uzoefu. Babu yangu mzaa baba alichukuliwa upagazi vita vya 1914, akapelekwa Tanganyika kubebea jeshi la Mwingereza. Kariakoo ya Dar es Salaam jina lake latokana na wapagazi hao, Carrier Corps kwa Kiingereza. Walikufa kwa makumi ya maelfu, na kilichowaua zaidi si risasi, ni kuhara na malaria. Wapewa unga wa mahindi, kuni mbichi, mvua, hawana nafasi ya kuusonga ukaiva, wala hivyo hivyo. Babu alirudi hasemi kitu. Ila sima hakuigusa tena hadi kaburini. Nyanya akipika wali, na pasipo mchele ni muhogo, na sisi watoto twadhani babu ana madeko. Nimepita kwenye sanamu ya askari pale mjini miaka sitini, na utenzi wa unga ule sijausikia.

Bintilikoni

Mzee wangu, shikamoo. Hapo mwisho si umejijibu mwenyewe?

MzeeWaKahawa

Marahaba. Nimeliona nilipokwisha kuandika. Usinifutie.

UmmuBarawa

Kwetu vitabu havikuvuka bahari. Tulitoka Barawa, Somalia, kwa jahazi baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka 1991, tukaishia kambi ya wakimbizi ya Utange, Mombasa. Alichobeba mamangu ni steenzi, yaani tenzi, za Dada Masiti, mshairi wa Barawa, zilizokuwa kichwani mwake. Dada Masiti alifariki mwanzoni mwa karne ya ishirini, hakuwahi kuisikia hiyo vita yetu. Tungo zake ni za mauti na akhera, kwa Chimiini, lahaja yetu ya Barawa, ndugu ya Kimvita. Jioni mama akisuuza sufuria anaziimba polepole. Khalati yangu, ambaye mwanawe alipotea baharini, alikuwa haimbi. Anangoja kina tu, kikifika anakitamka pamoja naye, neno moja, ananyamaza tena.

Nina ugomvi na riwaya zinazotutaja, kwa sababu mkimbizi humo kazi yake ni kulia. Utange tuliozana. Tuligombania kivuli cha mwembe. Kuna bibi aliuza kachori kwa mkopo na alikuwa na daftari la wadeni linalotisha kuliko bunduki. Haya siyaoni yakiandikwa.

Na ukurasa wangu mimi ni sauti. Nilimrekodi mama kwenye simu kabla hajafariki. Ubeti wa tatu anakohoa, anaomba maji. Sijawahi kusikiliza ubeti wa nne.

ZamuYaUsiku

Mimi ni kitabu chembamba, cha Elie Wiesel, kinachoitwa Night. Kijana wa miaka kumi na tano, 1944 anachukuliwa pamoja na familia yake hadi Auschwitz, kambi ya Wanazi ya kuua Wayahudi. Watu hunukuu mambo ya moto na moshi. Mimi nimekwama karibu na mwisho, Januari 1945, kambi nyingine, Buchenwald: babake anakufa, anamwita kwa jina, na mwana haitikii.

Babangu alipolazwa, nililala kwenye mkeka chini ya kitanda chake siku tatu bila usingizi wa maana. Usiku wa nne akaniita, anataka maji. Nilisikia vizuri sana. Nikavuta pumzi ndefu kama mtu aliyelala. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mwenye mguu wa plasta, ndiye aliyejivuta akampa. Asubuhi baba hakusema lolote, akaniuliza kama nimepumzika.

Si sawa na Auschwitz, najua, msinishambulie. Nimekisoma mara nne, na kila mara huo ukurasa naukunja.

Kuze_kwetu

Hapana wa kukushambulia hapa.

Bintilikoni

Nimempigia mamangu sasa hivi, nikamuuliza habari za ule ufunguo. Kimya kidogo, kisha: "Upo, kwenye kopo la Blue Band, pamoja na sindano." Nyumba yenyewe ilivunjwa zamani, pana kinyozi. Jina la yule mama analikumbuka lote, na la babake, na kijiji alichotoka. Nimemwambia naja Jumamosi na daftari. Endeleeni, nitasoma nikirudi.