Naomba ushauri: balbu 8 za volti 6.3 zinaangusha adapta

Wakuu, habari zenu. Natengeneza kibao cha taa 8 kinachoendeshwa na Arduino (kompyuta ndogo ya bodi moja inayowekewa programu). Nimechagua balbu ndogo za uzi, volti 6.3 na ampea 0.15 kila moja. Tafadhali msiniambie nihamie LED, nataka ule mwanga wa njano unaopanda na kufifia taratibu.

Pini ya Arduino haiwezi kubeba mzigo huo, kwa hiyo kila balbu ina mosfeti yake (swichi ya kielektroniki). Zikiwaka zote ni ampea 1.2 tu, na adapta yangu ni ya volti 12, ampea 2. Lakini nikiziwasha zote kwa mpigo, adapta inajizima na Arduino inaanza upya. Nikiwasha moja moja, hakuna shida.

Nadhani tatizo ni uzi ukiwa wa baridi. Mita inasoma kama omu 5, ilhali balbu ikiwaka hesabu inatoa omu 42. Hapo mwanzoni zinavuta umeme balaa!

Sasa, niziache zipate mkondo kidogo muda wote, zibaki vuguvugu bila kutoa mwanga, au niweke rizista kwa kila balbu?

Pia kwa sasa natumia PWM (kuwasha na kuzima kwa kasi sana) ya asilimia 28 moja kwa moja kutoka volti 12 (nguvu inakuwa sawa na ya volti 6.3). Wasiwasi wangu, programu ikiganda pini ikiwa imewashwa, balbu inakula volti 12 zote na kuungua. Je, ni bora nishushe volti kwanza kwa konveta? Aliyewahi kufanya hivi anisaidie.