Semina ya nne ya TEHAMA, na bado hakuna aliyenionyesha namna ya kufundishia

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Nimetoka kwenye semina ya siku tatu ya "matumizi ya TEHAMA darasani". Ni ya nne tangu nianze kazi, na kwa mara ya nne nimerudi shuleni sijui nibadilishe nini kwenye kipindi changu cha Jumatatu. Cheti ninacho.

Siku ya kwanza nzima tulipewa vizazi vya kompyuta na tofauti kati ya maunzi na programu. Siku ya pili tukachapa barua, tukakoleza maandishi, tukachora jedwali. Siku ya tatu slaidi, na muda mwingi ukaenda kwenye kuyafanya maneno yaingie yakizunguka. Tulikuwa watano kwenye kompyuta moja. Aliyekuwa anajua tayari ndiye aliyeshika kipanya karibu muda wote, sisi wengine tukachungulia mabegani kwake.

Pembeni yangu alikaa mwalimu mkongwe wa Kemia. Zamu yake ilipofika, mshale ulipofika ukingoni mwa skrini alikuwa anainua kipanya hewani na kukisogeza, mshale haujongei, na yeye anadhani ameshaharibu kitu. Mkufunzi akaja, akamtoa kipanya mkononi, akabofya mwenyewe, akamwambia "umeona?", akaondoka. Yule mzee hakugusa tena kompyuta mpaka tunafunga semina. Nimeumia kwa hilo kuliko mengine yote. Kila mwalimu pale ukumbini anajua kwamba mtoto hajifunzi kuandika kwa kunyang'anywa kalamu. Kwa nini sisi tukikaa upande wa wanafunzi tunafundishwa kwa njia ambazo tungekaripiwa tukizitumia darasani?

Halafu tunaambiwa walimu wanaogopa teknolojia. Si kweli. Walimu hao hao wanatumia simu kutwa, wanarekodi sauti, wanatumiana mitihani, wanajaza matokeo mtandaoni usiku wa manane. Tunachokiogopa ni kuaibika mbele ya wanafunzi, na hapo hatujaandaliwa hata kidogo.

Mimi mwenyewe nimeaibika. Niliandaa kipindi kwa siku mbili, nikachomeka projekta, ukuta ukabaki bluu mtupu. Nikachomoa waya, nikachomeka, nikazima, nikawasha. Kipindi ni dakika 40. Karibu nusu ikaishia hapo, darasa zima linaninong'ona. Nikarudi kwenye chaki nikiwa nimelowa jasho, na kwa muda mrefu sikuigusa tena ile projekta. Baadaye sana mwenzangu akanionyesha: shikilia kitufe cha Windows, bonyeza P, chagua kunakili skrini. Picha ikatokea papo hapo. Semina tatu nilikuwa nimeshahudhuria wakati huo na hakuna mkufunzi aliyewahi kuligusa hilo, kwa sababu projekta ya ukumbini huwa imefungwa na fundi kabla hatujaingia. Laiti ningepewa nusu saa ya kufunga na kufungua projekta kwa mikono yangu mwenyewe, ningekuwa nimefaidika kuliko slaidi zote zile.

Na hayo ni ya vifaa tu. Shida kubwa ni kwamba somo lenyewe haliguswi. Mimi nafundisha Fizikia. Kila mwaka nikifika kwenye saketi, wanafunzi wengi wanaamini balbu ya kwanza inakula umeme, ya pili inaambulia makombo. Unawaeleza kwamba mkondo wa umeme ni uleule kwenye saketi ya mfuatano, yaani balbu zikiwa zimefuatana kwenye njia moja, wanakariri, wanaandika kwenye mtihani, na ukiwauliza kwa namna nyingine wanarudi kule kule. Nilikuja kugundua peke yangu kwamba kuna programu za PhET za kuigiza majaribio ya sayansi kwenye skrini, za Chuo Kikuu cha Colorado Boulder cha Marekani, za bure. Unazipakua mara moja, unazitumia bila intaneti. Unaunganisha betri na balbu mbili kwenye skrini, chembe za umeme zinaonekana zikitembea, unaweka ammita, kile kipimo cha mkondo, kabla ya balbu ya kwanza, kati ya balbu, na baada ya ya pili. Lakini kabla ya kuonyesha, uwaulize darasa wakisie kwanza na waandike. Hapo ndipo kazi ilipo. Ukianza kwa kuonyesha, wanatazama kama sinema na mawazo yao yanabaki yalivyo. Wakishajifunga kwa maandishi kwamba namba itapungua, halafu wakaiona imebaki ile ile, unasikia darasa linabishana lenyewe.

Hiyo "waulize kwanza" hakuna semina iliyonipa. Nimeipata kwa kukosea na madarasa mawili.

Wala si kwamba jambo hili halijulikani. Mwaka 1986 mtaalamu wa elimu wa Marekani, Lee Shulman, alieleza kwamba kujua somo na kujua namna ya kulifundisha somo hilo ni maarifa mawili tofauti. Mwaka 2006 watafiti wa elimu Punya Mishra na Matthew Koehler wakaongeza teknolojia humo, wakasisitiza kwamba haifundishwi kando. Inashikana na mada na mbinu. UNESCO ina mwongozo wa umahiri wa TEHAMA kwa walimu, wa kwanza wa 2008, ukaboreshwa 2011 na 2018. Huo wa 2018 una umahiri 18 katika maeneo sita: sera, mtaala na upimaji, mbinu za kufundishia, stadi za kidijitali, uendeshaji wa darasa na shule, na mwalimu kujiendeleza. Kutumia kompyuta kwenyewe ni eneo moja tu kati ya sita! Sisi miaka yote tunazungushwa ndani ya hilo moja, tena mlangoni pake.

Tusidhani ni kwetu tu. Utafiti wa TALIS, unaowahoji walimu wa nchi nyingi, wa mwaka 2018 wa OECD, jumuiya ambayo wanachama wake wengi ni nchi tajiri, ulionyesha kwamba hata katika nchi wanachama ni asilimia 43 tu ya walimu waliojiona wameandaliwa vizuri kutumia TEHAMA kufundishia walipomaliza mafunzo yao. Na Peru walipogawa kompyuta za mpango wa One Laptop per Child (kila mtoto na kompyuta yake), tathmini ya shule 319 za vijijini haikuona mabadiliko kwenye alama za hesabu na lugha. Watoto walizitumia sana na walizizoea. Ila kuzoea kompyuta ni kitu kimoja, na kuelewa hesabu za sehemu ni kitu kingine, na katikati yake anatakiwa awepo mwalimu aliyeandaliwa.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba semina ikiisha, imeisha. Hakuna aliyewahi kuja kukaa nyuma ya darasa langu aone ninavyofanya, kisha tukae wawili aniambie hapa umeharakisha, hapa ungewaacha waguse wenyewe. Mafunzo ya ualimu yana mazoezi ya kufundisha na mkufunzi anakuja kukuona. Kwa nini TEHAMA iwe ya ukumbini pekee? Baada ya miezi sita anakuja mtu na fomu ya kuuliza "je, unatumia TEHAMA?", unaweka tiki, anaondoka na idadi.

Sasa tumepata barua ya semina ya tano. Mada ya kwanza: sehemu za kompyuta. Nimeijibu kwa maandishi, nakala kwa mkuu wa shule. Nimeomba tupangwe kwa masomo tunayofundisha, kila mmoja aje na andalio la somo la wiki inayofuata na kifaa kile kile kilichopo shuleni kwake, hata kama ni simu moja. Tufundishane pale pale, tukosee pale pale. Na mkufunzi aandike tarehe atakayofika darasani kwangu kabla mwezi haujaisha.

Wenzangu mliopata barua kama hiyo, naombeni mjibu pia, kwa maandishi. Na kama kuna mtu hapa aliwahi kutembelewa darasani na mkufunzi wa TEHAMA baada ya semina, hata mara moja, aeleze ilikuwaje, nataka kuyaambatanisha maelezo yake na jibu langu.