Naombeni ushauri: spamu za imeili hapa California, nashtaki wapi?

Wakuu habari zenu, hasa mlioko Marekani. Niko Sacramento, kuna kampuni kila siku inanitumia imeili kichwa kimeandikwa "Re: oda yako" wakati sijawahi kununua kwao hata soksi, na nikibonyeza kujitoa ndo kwanza zinaongezeka. Sheria ya shirikisho ya 2003 haimruhusu mtu binafsi kushtaki, ila ya California inampa mpokeaji hadi dola 1,000 kwa kila imeili yenye kichwa cha kudanganya. Sasa kuna aliyewahi kwenda nayo mahakama ya madai madogo? Au nipeleke malalamiko kwa mwanasheria mkuu wa jimbo, japo ofisi yake haiwakilishi mtu mmoja mmoja? Na ushahidi je, skrinshoti zinatosha?