Antena ya FM kutoka Moshi kuelekea Arusha: ipi itadumu juu ya bati?

rau_moshi
Wakuu, habari za jioni. Niko Rau, nataka kusikiliza stesheni za Arusha bila mikwaruzo. Kwa waya wa ndani zinakuja na kupotea. Mtu akipita tu chumbani, sauti inakatika. Dukani nimeoneshwa antena ya TV yenye fito nyingi, wakasema inashika na FM. Je, itafaa? Nataka kitu cha kukaa miaka kumi.

fundi_mlingoti
Iache hiyo, mkuu. Antena za TV zinazouzwa sasa ni za UHF, yaani masafa ya juu ya TV, kuanzia 470 MHz. Pima fito zake, nyingi hazifiki hata sentimita 35. FM iko kati ya 87.5 na 108 MHz, na ufito wake unataka kama mita moja na nusu. Gawanya 143 kwa masafa unayoyataka: kwa 98 MHz unapata mita 1.46.

Tafuta, au mpe fundi atengeneze, ya fito tatu: wa nyuma mita 1.53, wa kati 1.46, wa mbele 1.36, ukiziachanisha kama sentimita 60. Ya fito tano inavuta zaidi, ila mgongo wake, yaani bomba linaloshika fito, unakuwa mrefu na upepo unaupata vizuri. Ufito wa kati ukiwa umekunjwa kama kitanzi kirefu, lazima kiboksi chake, pale kebo inapoungwa, kiwe na transfoma ya kushusha ohmu 300 kuwa 75.

Kuhusu kudumu, angalia viungio kabla ya kitu kingine. Shaba ya waya ikigusa alumini na mvua ikaingia, unga mweupe unajijenga pale na sauti inafifia kidogo kidogo, huku antena kwa macho ni nzima. Bolti, nati na washa ziwe za stenlesi, na washa moja ikae katikati ya shaba na alumini. Kiboksi kitazame chini, na kitobolewe tundu la milimita 3 maji yatoke. Bomba la fito liwe na unene wa milimita 1.5, jembamba zaidi linapinda kunguru wakizoea kutua. Ziba ncha zote, la sivyo nyigu watajenga humo.

usariver_fm
Naongezea upande wa kuelekeza. Kutoka Moshi, Arusha iko magharibi karibu kabisa, kama kilomita 70 kwa mstari ulionyooka, na iko juu kuliko Moshi kwa karibu mita 500, hilo linakusaidia. Shida ni Kilimanjaro upande wa kaskazini: mawimbi yakigonga mlima yanarudi yamechelewa, na herufi "s" zinaparuza kwenye stirio. Zungusha antena taratibu, nyuzi kumi kumi, ukisikiliza usafi wa sauti. Usifuate mshale wa redio unaoonesha nguvu ya mawimbi peke yake.

Kisha jaribu fito zikiwa zimelala, halafu zikiwa wima, kwa sababu si stesheni zote zinarusha kwa mkao mmoja. Ukichagua wima, shikiza antena kwa mkia wa mgongo, nyuma ya ufito wa mwisho, bomba la mlingoti lisipite katikati ya fito.

rau_moshi
Asanteni sana. Na busta je?

fundi_mlingoti
Anza bila busta, yaani kile kifaa cha kuongeza nguvu ya mawimbi. Stesheni za hapo Moshi ziko karibu na zina nguvu. Zitailemea busta, utazisikia zikijirudia sehemu ambazo si zake. Kebo ya RG6, ile ya kawaida ya TV, ya mita 20 inapoteza kama desibeli 1.5 tu kwenye FM. Kiungio kifunge kwa tepu ya mpira inayojishika, uivute unapozungusha, kisha tepu nyeusi juu yake. Kabla kebo haijaingia ndani, iache ining'inie kama kitanzi ili maji yadondokee nje. Kebo iliyokunywa maji haikaushwi, inakatwa.

Mlingoti uwe bomba la GI (chuma kilichopakwa zinki) la inchi moja na nusu, na uwe na ethi yake: waya mnene wa shaba unaoshuka moja kwa moja, bila kona kali, hadi nondo ya ethi ardhini. Radi ikianza kunguruma, chomoa kebo kwenye redio.