Naombeni ratiba ya kupiga deki kwa mtu anayetoka kazini usiku

Zamu ya Pili (mleta uzi)

Habari za muda huu wakuu. Niende moja kwa moja kwenye mada.

Nyumba yetu ina sebule, korido, jiko, bafu na vyumba vya kulala, kote ni vigae. Tuko watatu: mimi, mke wangu na mtoto anayetambaa. Mke anatoka asubuhi anarudi jioni. Mimi naingia kazini mchana, natoka usiku. Tulishagawana kazi tangu mwanzo, yeye jiko na nguo, mimi sakafu. Mgawanyo huo hauna shida, naombeni tusianzie hapo.

Shida ni ratiba. Nimekuwa napiga deki nyumba nzima karibu kila nikirudi, lakini kesho yake sakafu inanata na nyayo zinaonekana kila mahali. Nguvu zimeisha. Wenzangu mnapiga deki mara ngapi kwa wiki, na siku zipi? Mara moja inatosha? Na mtu akiamua kuachana na maji kabisa, akatandika zulia, kuna ubaya gani?

Naomba kuwasilisha.

Mbao Ngumu

Umesema tusianzie hapo lakini mimi naanzia hapo hapo. Mwanaume anatoka kazini usiku halafu anashika dekio? Mwite mkeo mkae mzungumze. Sakafu itakaa sawa yenyewe.

Mama Pacha

Mbao Ngumu, kaulizwa siku za deki, hajaulizwa nani mwanaume.

Mleta uzi, nakuelewa sana. Wanangu walipoanza kutambaa nilikuwa napiga deki asubuhi na jioni, mpaka mgongo ukagoma. Shangazi yangu alikuja kunitembelea, akaniangalia siku nzima bila kusema neno. Jioni akaniambia, "Mwanangu, unaosha chumba ambacho hakuna aliyekanyaga tangu jana." Toka siku ile nikaacha kuhesabu nyumba kama kitu kimoja. Jiko na bafu deki mara tatu kwa wiki, sebule na korido mara mbili, vyumba vya kulala mara moja. Kufagia ni kila siku, na kitu kikimwagika kinafutwa saa hiyo hiyo. Pale mlangoni weka kitambaa cha kufutia miguu nje na kingine ndani, viatu viishie hapo. Mchanga usipoingia, nusu ya kazi umeshaiepuka.

Fundi Vigae

Mkuu, kabla ya siku, nijibu haya. Unatumia sabuni gani na kiasi gani? Unasuuza? Maji unabadilisha baada ya vyumba vingapi? Na unapiga deki saa ngapi?

Sakafu inayonata kesho yake, mara nyingi ni sabuni iliyobaki. Inakauka inakuwa utando, utando unashika vumbi, wewe unaona uchafu unaongeza sabuni. Ratiba yoyote utakayopewa humu haitasaidia kama tatizo ni hilo.

Zamu ya Pili

Asante fundi. Natumia sabuni ya unga, konzi moja nzuri kwenye ndoo, na jiki kidogo kwa ajili ya mtoto, wadudu wafe. Kusuuza hapana, sabuni si ndiyo inayoua harufu? Maji nabadilisha yakishakuwa meusi kabisa. Muda ni kwenye saa sita usiku, nikimaliza nazima taa tunalala, yanajikausha yenyewe. Sioni kosa hapo, sina muda mwingine.

Kipepeo Mweusi

Jaribu jiki uchanganye na siki, weka kwenye ndoo moja. Jirani yangu anatumia hiyo, vigae vyake unajitazama usoni.

Muuguzi wa Zamu

Kipepeo, tafadhali hariri hiyo komenti. Jiki ikikutana na siki inatoa gesi ya klorini. Ni sumu, inaunguza macho, koo na mapafu, na kwenye bafu dogo lisilo na dirisha hali inakuwa mbaya haraka. Jiki na dawa zenye amonia nazo ni hivyo hivyo, zinatoa gesi nyingine yenye sumu. Jiki ichanganywe na maji tu.

Na mleta uzi, jiki ukiimwaga juu ya uchafu, uchafu unaimaliza nguvu. Safisha kwanza, suuza, ndipo upitishe jiki iliyochanganywa na maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, uiache dakika chache ifanye kazi, halafu futa kwa maji matupu. Mchanganyiko wa jana usiutumie leo, unapungua nguvu ukikaa. Na kwa sebule ya kawaida ambayo hakuna mgonjwa wa kuhara wala kutapika, jiki huihitaji. Mtoto anayetambaa anapeleka mikono mdomoni, kwa hiyo kinachobaki kwenye vigae ndicho anachokula.

Kipepeo Mweusi

Nimefuta. Asante dada, nitamwambia na jirani.

Bwana Ndoo

Mimi nyumbani kwangu hakuna ratiba. Wageni wakipiga simu wanakuja, ndiyo siku ya deki. Wasipokuja mwezi mzima, tunaishi kwa amani.

Kidole Juu

Nimesoma uzi mzima. Mleta uzi, swali la zulia limetoka wapi? Mtu aliyechoka kupiga deki anaomba kupunguza siku. Wewe unataka kuachana na maji kabisa. Kuna kitu hujasema.

Zamu ya Pili

Hakuna kitu mkuu. Nimewaza tu zulia ni rahisi kutunza.

Kidole Juu

Zulia si rahisi kutunza kwenye nyumba yenye mtoto anayekojoa popote. Sema ukweli usaidiwe.

Zamu ya Pili

Sawa. Kuna mtu aliteleza korido, alfajiri, nimeshapiga deki usiku. Aliangukia mkono, kifundo kimevunjika, amefungwa plasta. Kuanzia siku ile sijagusa ndoo. Zulia la korido na sebule nimeshalilipia malipo ya awali, kwa hiyo naombeni msinishauri kuhusu kulirudisha. Ninachotaka ni ratiba ya sehemu zilizobaki, jiko na bafu.

Chumvi ya Mawe

Hapa ndipo ninaposimama. Mwanzo umesema mko watatu. Mtoto anatambaa, hawezi kuteleza akavunjika kifundo cha mkono. Angekuwa mke ungesema mke, ungekuwa wewe ungesema mimi. "Kuna mtu" ni nani? Halafu jambo la pili, mke anatoka asubuhi anarudi jioni, wewe unaingia kazini mchana. Kuanzia mchana mpaka jioni mtoto anabaki na nani? Anajilea?

Wadau, hii ni chai. Na tangawizi imo.

Bwana Ndoo

Dah. Hilo la mtoto sikuliona kabisa.

Mbao Ngumu

Nilijua. Mwanaume gani anapiga deki saa sita usiku.

Mama Pacha

Hata kama ni chai, kuna mtu humu anasoma na sakafu yake inanata. Fundi aendelee.

Kidole Juu

Fundi ataendelea, lakini mleta uzi ajibu. Chumvi kauliza swali la msingi.

Zamu ya Pili

Si chai. Sikutaka kumtaja kwa sababu nilijua mtanihukumu.

Ni mama yangu mzazi. Nimesema tuko watatu kwa sababu kwa kawaida tuko watatu, yeye alikuja kutibiwa macho, ana mtoto wa jicho. Anasubiri tarehe ya upasuaji. Alipoona tunavyohangaika na mtoto akasema mchana nitamshika mimi, msitafute mtu. Alfajiri anaamka kwenda bafuni kutawadha, taa hawashi kwa sababu hataki kumwamsha mtoto. Siku ile korido ilikuwa bado ina maji maji.

Sasa mkono umefungwa, mtoto hawezi kumbeba, mimi nimeomba likizo. Dada yangu mkubwa amepiga simu anasema anakuja kumchukua mama, nyumba yangu haimfai mtu mzima. Mama mwenyewe anasema si maji, ni macho yake. Anasema hivyo mbele ya kila mtu anayekuja kumpa pole. Ndiyo maana nimelipia zulia haraka, dada akija akute sakafu haitelezi. Nimewajibu.

Chumvi ya Mawe

Nimekuelewa mkuu. Nafuta kauli yangu ya chai. Mpe mama pole, Mungu amponye haraka.

Mama Pacha

Pole sana kaka. Mama anakulinda na dada yako.

Muuguzi wa Zamu

Pole kaka, na mfikishie mama shikamoo yangu.

Ninaandika kwa sababu wodini tunawapokea sana. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 684,000 wanakufa kila mwaka kwa kuanguka, na waliozidi miaka 60 ndio wengi. Mama yako amevunjika kifundo kwa sababu aliweza kutanguliza mkono. Asingewahi, tungekuwa tunazungumza nyonga au kichwa, na nyonga kwa mtu mzima ni safari ndefu.

Mtu mwenye mtoto wa jicho anaona kama kupitia kioo chenye ukungu, na mwanga ukipiga kwenye kigae kinachong'aa unamchanganya zaidi. Hawezi kutofautisha kigae kikavu na chenye maji. Kwa hiyo sakafu ya korido ikauke kabla hajalala, na pawe na taa ndogo inayowaka usiku kucha kati ya chumba chake na bafu. Bafuni weka chuma cha kushikia, kifungwe kwenye ukuta na fundi. Kuning'iniza taulo si kazi yake, kinatakiwa kibebe uzito wa mtu. Akitembea ndani avae ndala zenye soli inayoshika, zilizomkaa vizuri mguuni, asitembee na soksi tupu.

Sasa zulia. Korido inayoelekea bafuni zulia litalowa kila siku, halitakauka, litatoa harufu na ukungu. Kingo zikijikunja, mguu wa mtu asiyeona vizuri unanasa. Utakuwa umemwondolea kuteleza umempa kujikwaa.

Zamu ya Pili

Dada muuguzi, nakuheshimu, lakini pesa imeshatoka. Na zulia nililochagua ni zito, halijikunji. Nikilirudisha sasa dada yangu atakuta nini cha kumwonyesha?

Fundi Vigae

Utamwonyesha sakafu kavu.

Ngoja nikuelekeze, kwa sababu bado naamini kilichomwangusha mama ni sabuni zaidi ya maji. Utando wa sabuni ukikauka hauonekani. Ukipata tone la maji, unyevu wa mguu tu, unarudi kuwa sabuni. Kigae kile kile kikisuuzwa vizuri hakitelezi kiasi hicho.

Chukua kitambaa cheupe, kiloweshe maji ya uvuguvugu matupu, sugua kigae kimoja hapo korido kwa nguvu. Ukiona povu au utelezi kwenye vidole, jibu unalo. Ukilipata, piga deki ya maji ya uvuguvugu bila sabuni yoyote, badilisha maji kila chumba, rudia mpaka kitambaa kisitoe povu. Kwenye viungio vya vigae tumia brashi, sabuni inajificha humo.

Baada ya hapo, fagia vizuri kwanza, maana vumbi likikutana na maji linakuwa tope. Ndoo ziwe mbili, moja ya sabuni ya maji kidogo sana, ya pili maji ya kusuuzia. Dekio likamuliwe mpaka lisidondoshe. Anza kona ya mbali urudi nyuma kuelekea mlangoni, ukimaliza pitisha tambara kavu. Sakafu iliyopigwa hivi inakauka kwa dakika chache, haisubiri alfajiri.

Mama Pacha

Na asubuhi si uko nyumbani kaka? Kwa nini deki iwe usiku?

Zamu ya Pili

Asubuhi niko na mtoto. Nikiweka ndoo chini tu, ameshafika. Mama macho hayamruhusu kumkimbiza.

Mama Pacha

Mtoto wa umri huo analala asubuhi. Akilala, chumba kimoja tu. Siku moja korido, kesho yake jiko, inayofuata sebule. Usitamani kumaliza nyumba. Bafu fanya mama akishaoga, akiwa amekaa sebuleni. Na ndoo usiiache na maji hata dakika moja, mtoto anayetambaa anaweza kuzama kwenye maji ya kina kifupi sana, akiingiza kichwa hawezi kujitoa.

Muuguzi wa Zamu

Hilo la ndoo naomba lisomwe na wote wenye watoto humu.

Bwana Ndoo

Nimetoka kumwaga ya kwangu sasa hivi.

Zamu ya Pili

Nimesugua kitambaa pale pale mama alipoangukia. Povu limetoka jeupe kabisa, kigae kimoja tu, nikaenda cha pili na cha tatu, hivyo hivyo. Mama alikuwa amekaa mlangoni ananiuliza natafuta nini, sikumjibu mara moja.

Korido nitaipiga maji matupu asubuhi hii mtoto akilala, nirudie na kesho. Taa ya usiku mke wangu atakuja nayo jioni. Vyumba nitafanya mara moja kwa wiki kama alivyosema Mama Pacha, jiko na bafu siku tatu, usiku sigusi tena maji. Nimempigia muuza zulia, kakubali kupunguza kipande cha korido. La sebuleni nalichukua, hapo sibadilishi, mtoto anahitaji sehemu ya kukaa.

Fundi Vigae

La sebuleni sawa. Likifika libandike kingo zote nne kwa gundi ya zulia, na lisifike kwenye njia ya mama ya kutoka chumbani.