Naomba ushauri: meseji ya mbolea ya mama inaenda kwa laini iliyopotea

Habari zenu wandugu, mimi niko Kayole hapa Nairobi lakini shida iko nyumbani Trans Nzoia. Mama ana ekari mbili za mahindi na aliandikishwa kwa rejista ya wakulima 2023, ule mwaka mbolea ya ruzuku ilishushwa hadi 2,500 kwa mfuko wa kilo 50. Sasa siku ya kuandikishwa hakuwa na simu, akapeana namba ya binamu yangu, na huyo binamu simu iliibiwa akiwa kwa mjengo huku Githurai akasajili laini ingine kabisa.

Majirani wote washapata meseji ya vocha ya kununua hiyo mbolea, mama hajapata kitu. Amepanda matatu mbili hadi depo na kitambulisho mkononi, akaambiwa bila vocha kwa simu hauziwi. Kwa chifu akaambiwa angoje. Angoje nini na mvua imeanza, DAP, ile mbolea ya kupandia, inaingia na mbegu, ukikosa hapo hata uweke CAN, ile ya kukuzia, ya kutosha baadaye mahindi haishiki vile inafaa.

Kuna mtu amewahi badilisha namba kwa hiyo rejista? Ni chifu ama ofisi ya kilimo ya kaunti ndogo? Na binamu akirudishiwa ile laini ya zamani vocha bado itaingia? Kununua agroveti siwezi saa hii, karo imenimaliza. Kama lazima niende mwenyewe nitapanda gari ya usiku Ijumaa, tafadhali mwenye anajua aniambie.