Kunguni kwenye dabo deka za hosteli: tuanzie wapi?

BlokuB_Juu: Wakuu, chumba kina dabo deka mbili za chuma, tuko wanne na mmoja tunambeba, yaani analala kwetu bila kupangiwa chumba. Tumepuliza dawa ya kopo, wiki haijaisha kunguni wamerudi. UE, mitihani ya mwisho wa muhula, inakaribia. Tufanyeje?

FundiVitanda: Pole, mkuu. Hawajarudi, wameanguliwa. Dawa ya kopo inaua aliyeguswa, mayai inayaacha, na kwa joto letu yanaanguliwa ndani ya siku 6 hadi 10. Kwa hiyo mrudie baada ya siku 10 hadi 14, hata kama hamuoni kitu.

Kabla ya hapo toeni kitanda nje, mfungue nati zote na kutoa chaga. Angalieni ncha za mabomba: palipokosa kifuniko cha plastiki ndipo wanapojazana. Mwagieni maji yanayochemka kiungo kimoja baada ya kingine, polepole. Chuma kinapoza maji haraka, birika moja halitoshi kitanda kizima. Kikikauka, zibeni matundu kwa silikoni. Hita msiguse kama chuo kimepiga marufuku. Ombeni maji kwa mama ntilie.

Nasra_Afya: Naongezea ya godoro. Kulianika tu ni kujichosha: juu panaungua, chini ya mshono wamejificha kivulini. Sugueni mishono kwa brashi ngumu, kisha mlivalishe kava la plastiki lenye zipu, lisifunguliwe mwaka mzima, maana kunguni mzima anakaa miezi bila kula. Shuka na nguo zifuliwe kwa maji ya nyuzi 60. Neti ya dawa msiitegemee. Kunguni wa siku hizi wengi wameshaizoea dawa hiyo.

Mzee_wa_Koridoo: Dawa za shambani hapana! Mnalala humo, mtavuta sumu usiku kucha. Na mwambieni wadeni apulize vyumba vya jirani siku hiyohiyo, juu na chini pia. Mkipuliza chenu peke yake, wanapita kwenye nyufa na mabomba ya nyaya, kisha wanarudi. Begi la mnayembeba likaguliwe kwanza, hasa mishono ya zipu.

BlokuB_Juu: Asanteni. Hizo wiki mbili tuhamie kwa wenzetu?

Nasra_Afya: Msihame. Mtawabeba kwenye nguo mpaka huko, na waliobaki watawasubiri. Laleni hapohapo, kitanda kikae mbali na ukuta, shuka na neti zisiguse sakafu.